Safari ya Ndege Kutoka Nairobi Mpaka New York

Watu wengi wenye jamaa zao Marekani hustaajabu wanapoisoma tikiti ya ndege. Kwa saa zilizoandikwa humo, kwenda New York kutoka Nairobi huonekana kuwa ni mwendo wa saa 7 tu, lakini kurudi ni saa 22. Tikiti haikukosea. Kinachompoteza msomaji ni kuchanganya saa za miji miwili.

Kati ya Nairobi na New York ni kadiri ya kilomita 11,800, yaani maili zaidi ya 7,300. Tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilianza kuwapeleka abiria huko bila kutua njiani. Safari ya kwenda ilikadiriwa kuwa saa 15, na ya kurudi saa 14. Tofauti hiyo yaletwa na upepo. Juu sana, zinakopita ndege kubwa, huvuma upepo wa nguvu utokao magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani hushindana nao, na irudipo husukumwa nao.

Saa za ukutani ni jambo jingine. Dunia huzunguka mara moja katika saa 24, kwa hiyo jua hutuchomozea sisi kabla ya kuwafikia watu wa New York. Wakati wa baridi kwao, saa zao huwa nyuma ya zetu kwa saa 8. Tangu Machi mpaka Novemba huwa nyuma kwa saa 7, kwa sababu wao husogeza saa zao mbele kwa saa moja.

Tuchukue mfano wa mwezi wa Januari. Ndege yaondoka Nairobi Jumatatu saa 5 za usiku. Baada ya saa 15, hapa kwetu ni Jumanne saa 8 za mchana, lakini New York ndiyo kwanza saa 12 za asubuhi. Ikiondoka huko Jumatano saa 6 za mchana na kusafiri saa 14, itatua Nairobi Alhamisi saa 4 za asubuhi.

Basi yakumbukwe mambo matatu. Kwanza, tikiti huandika saa za kila mji kwa majira ya mji ule ule. Pili, saa hizo huhesabiwa tangu usiku wa manane, 23.00 ni saa 5 za usiku. Tatu, anayekwenda kumpokea mgeni na aitazame tarehe ya kufika, si ya kuondoka. Akodiye gari kutoka Kakamega kwa siku isiyo yake atapoteza fedha zake na kurudi mikono mitupu. Na ukimpigia mwanao simu saa 2 za asubuhi mwezi huo wa Januari, kumbuka kwamba kwake ni usiku wa manane.