SILAHA YA MOTO NDANI YA CHOMBO CHA MOTO: JE, GARI LAWEZA KUWA GHALA?

Lugha yetu imevipa vitu viwili jina la moto: gari ni chombo cha moto, na bunduki ni silaha ya moto. Katika mtaa wa Madungu, mjini Chake Chake, gari huonekana kila saa. Bunduki huonekana kwa nadra, aghalabu mikononi mwa askari. Hata hivyo, viwili hivi hukutana. Askari, mlinzi au raia mwenye leseni aliye safarini hufika mahali asiporuhusiwa kuingia na silaha, akashawishika kuiacha garini, kufunga milango na kwenda zake. Yafaa tujiulize: sayansi yasemaje juu ya tendo hilo?

Joto la gari lililofungwa

Chake Chake iko kiasi cha nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba. Nuru yake hupenya vioo vya gari na kufyonzwa na viti na dashibodi. Vitu hivyo vikishapata joto hutoa mionzi yenye mawimbi marefu zaidi, ambayo kioo hakiipitishi kwa wepesi. Juu ya hayo, hewa iliyopata moto haina njia ya kupanda na kutoka.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Catherine McLaren, Jan Null na James Quinn, walichapisha vipimo vyao. Katika siku zenye joto la nyuzi 22 hadi 36 za Sentigredi, hewa ya ndani ya gari ilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilipatikana katika nusu saa ya kwanza. Kuacha madirisha wazi kidogo hakukuleta nafuu kubwa. Basi siku ya nyuzi 30, mtu atarajie kiasi cha nyuzi 52 ndani ya gari lililoachwa juani.

Je, risasi italipuka?

Hofu hii yaeleweka. Watanzania hawajasahau milipuko ya maghala ya silaha ya jeshi jijini Dar es Salaam: Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011. Lakini ghala la mabomu ni jambo moja, na risasi chache za bunduki ni jambo jingine. Baruti ya risasi za siku hizi, ile isiyotoa moshi mwingi, msingi wake ni nitroselulosi. Haishiki moto yenyewe kwa ghafula mpaka joto lifikie kiasi cha nyuzi 160 au zaidi. Gari lililoachwa juani halikaribii hapo.

Hata hivyo, joto lina madhara ya polepole. Mwanafunzi wa kemia ajua kanuni ya kukadiria kwamba mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Nitroselulosi huchakaa kidogo kidogo hata ikikaa kimya, na kwa sababu hiyo viwanda huichanganya na dawa ya kuipunguzia kasi ya kuchakaa. Risasi inayoshinda garini miezi mingi huchosha dawa hiyo mapema. Nayo bunduki hupata adui mwingine: usiku gari hupoa, unyevu wa hewa ya bahari hutua juu ya chuma, na chumvi huharakisha kutu.

Hatari ya haraka hutokea gari lenyewe linapowaka. Risasi iliyo nje ya bunduki hupasua ganda lake, na vipande huruka kwa nguvu ndogo. Lakini risasi iliyo ndani ya mtutu ikipata moto hutoka kama iliyofyatuliwa, na wazima moto wako mbele yake. Hii ni sababu ya kwanza ya kuitoa risasi bundukini.

Kufuli huchelewesha, halizuii

Walakini hatari iliyo kubwa kupita zote haitokani na jua. Vioo vya pembeni vya gari vimetengenezwa makusudi vivunjike kuwa chembe ndogo, ili abiria asikatwe. Usalama huo wa abiria ni udhaifu wa ghala. Wahandisi wa ulinzi hupima kufuli kwa muda: je, mwizi atacheleweshwa dakika ngapi, na je, kuna atakayemwona kabla dakika hizo hazijaisha? Gari lililoegeshwa mahali pasipo na mtu halipati alama nzuri katika swali lolote kati ya hayo mawili.

Takwimu zathibitisha hivyo. Shirika la Everytown la Marekani lilichambua taarifa za polisi wa miji 337 za mwaka 2022, likakuta kwamba nusu na ushei ya bunduki zilizoripotiwa kuibwa zilitoka magarini. Miaka kumi kabla ya hapo, sehemu hiyo haikufika robo.

Tena bunduki iliyoibwa haiishi kama sukari au mafuta. Mwezi wa Aprili 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, huko Karamoja, na wenyeji wakaingia ghalani wakachukua bunduki. Ugomvi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukazidi kuwa wa risasi. Serikali ya Uganda ilianza kampeni ya kukusanya silaha Desemba 2001, ikalazimika kuirudia 2006 na tena 2021. Mlango wa ghala moja ulikosa mlinzi, na vizazi viwili vikalipa.

Kuna pia mkono usio wa mwizi. Methali yatuambia mtoto akililia wembe mpe. Kwa wembe, kidonda humfundisha. Kwa bunduki, huenda asibaki wa kufundishwa.

Lililo sahihi

Itifaki ya Nairobi, ambayo Tanzania na nchi jirani ziliitia saini tarehe 21 Aprili 2004, inazitaka serikali kuweka kanuni za utunzaji salama wa silaha za raia. Kanuni bora ni rahisi: silaha isiyohitajika safarini ibaki katika sanduku la chuma lililofungwa, au katika ghala la polisi. Ikilazimika kuachwa garini kwa muda mfupi, mwenyewe aitoe risasi kabla hajafika, asionwe na watu akifanya hivyo. Bunduki iwekwe katika kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, mahali pasipoonekana, na risasi zifungiwe mbali nayo. Isilale garini hata usiku mmoja. Namba yake iandikwe na kuhifadhiwa nyumbani, na ikipotea, polisi waarifiwe saa hiyo hiyo.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wa Madungu waweza kuchunguza sehemu ya kwanza ya makala haya bila silaha yoyote. Waombe magari mawili, moja juani na jingine chini ya mwembe. Kila gari liwekewe kipimajoto mahali kinaposomeka kwa nje. Mtu yeyote asibaki ndani. Joto lisomwe kila baada ya dakika 10 kwa saa moja, kisha grafu ichorwe. Mwalimu na aulize maswali mawili: kivuli kimepunguza nyuzi ngapi? Na je, kivuli hicho kimemzuia mwizi kwa dakika ngapi? Jibu la swali la pili halihitaji kipimajoto.