Kitambaa cha chini ya boneti: usiweke sponji la godoro



Kabonga wengi wetu tunaifahamu. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walipita pale, wakavuka kuingia Kagunga upande wa Tanzania, wakakaa ufukweni wakisubiri meli ya MV Liemba iwafikishe Kigoma. Tangu mwaka 2017 wapo waliorudi nyumbani kwa mpango wa kurejea kwa hiari. Baadhi yao leo wanatafuta riziki kwenye barabara ya kando ya ziwa, kutoka Kabonga kwenda Nyanza-Lac, Rumonge hadi Bujumbura, kwa gari la zamani lililonunuliwa kwa michango ya ukoo. Shangazi ametoa, kaka ametoa, na huku kambini pia kuna waliouza cherehani ili gari lipatikane. Gari kama hilo likiungua, zinaungua pesa za watu wengi.

Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho madereva wengi hawakijali. Ni kile kitambaa kizito cheusi, kama blanketi, kilichoshikizwa chini ya boneti, au kapo kama wanavyosema Warundi na Wakongo. Gari likishazeeka kitambaa hiki kinachoka. Kinanyonya oili, kinararuka, kinaning'inia juu ya injini, na panya wanakifanya nyumba yao.

Kazi yake ni nini? Kwanza kinapunguza kelele ya injini. Pili kinazuia joto lisiunguze rangi ya boneti. Magari mengi ya kule yanatoka Japani yakiwa yametumika, na ukiona Carina au Mark II ya miaka ya 1990 ambayo rangi ya boneti imepauka kuliko milango, mara nyingi jua limesaidiana na joto la chini. Wengi hawajui kwamba boneti linapata moto zaidi gari likishasimama. Ukizima injini, upepo na feni vinasimama, joto lote linapanda juu. Gari limefika Kabonga saa saba mchana, dereva amekwenda kutafuta abiria waliovuka mpaka, na hapo ndipo kitambaa kinapofanya kazi ngumu kuliko barabarani.

Sasa, kitambaa kikichakaa watu wanafanya nini? Hapa ndipo penye shida. Mazungumzo gereji huwa hivi:

"Fundi, hiki kimeoza. Niwekee tu sponji la godoro, yapo mabaki nyumbani."

"Kijana wangu, godoro ni la kulalia."

"Mbona fulani ameweka na anatembea?"

Ni kweli anatembea, mpaka siku sponji litakapodondoka. Bomba la ekzosi, pale linapotoka kwenye injini, linafika mamia ya nyuzi za joto. Sponji la godoro linashika moto upesi, linayeyuka na kudondosha matone yanayowaka juu ya nyaya na mipira ya mafuta. Moshi wake ni sumu, una gesi ya sianidi ndani yake. Gunia, kipande cha kitenge na boksi ni vilevile. Na tusisahau kwamba katika miaka hii ya shida ya mafuta Burundi, watu wamezoea kusafirisha petroli kwenye bidoni ndani ya gari, nyuma ya viti walikokaa abiria. Moto ulioanza mbele kama mchezo unakuta huko nyuma chakula chake.

Kwa hiyo, kama hujapata kitambaa sahihi, toa kile kilichooza na uache bati tupu. Gari litapiga kelele kidogo na rangi itapauka, basi. Kuna magari hata kiwandani yalitoka bila kitambaa hicho na yanafanya kazi vizuri. Bati tupu haliwaki.

Kitambaa sahihi kinapatikana wapi? Njia rahisi ni kukitoa kwenye gari bovu la aina ileile, kwa wauza spea za zamani. Kinuse. Kama kinanuka oili au petroli, kiache hapohapo. Ukiuziwa kitambaa kipya cha kukata, usiamini maneno, kipime. Kata kipande kama ukucha wa kidole gumba, kishike kwa koleo, nenda mbali na gari na mbali na watoto, kisha kiwashe kwa kiberiti. Ukiondoa kiberiti, kitambaa kizuri kinazimika chenyewe, kinabaki cheusi. Kibaya kinaendelea kuwaka au kudondosha matone. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na muuzaji mkweli hatakasirika.

Siku ya kazi, injini iwe imepoa kabisa. Tandika shuka kuukuu juu ya injini yote ili uchafu usiingie kwenye mikanda. Funga kitambaa puani na vaa glavu, kwa sababu vingi vya hivi vimetengenezwa kwa nyuzi za kioo zinazowasha ngozi na kukohoza. Kama kuna kinyesi cha panya, usikung'ute kikiwa kikavu. Kinyunyizie kwanza maji ya sabuni, subiri kidogo, ndipo utoe. Watoto wasimame mbali, ingawa tunajua boneti likifunguliwa mtaa mzima unakuja kuangalia.

Vishikizo vya plastiki vinang'olewa kwa bisibisi bapa, taratibu. Plastiki iliyopigwa na joto miaka 20 inavunjika kama biskuti, kwa hiyo tafuta vipya kabla ya kuanza. Kitambaa cha zamani usikitupe bado, hata kiwe kibovu namna gani. Kilaze juu ya kipya, uchore kwa chaki, ukate kwa kukifuata, na matundu ya vishikizo uyatoboe palepale. Mabaki ya gundi kwenye bati yakwangue kwa kipande cha plastiki na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu osha kwa sabuni (ile ya mawese ya Rumonge inafaa sana) na kausha. Wapo wanaosafisha kwa petroli kwa sababu inatoa gundi haraka. Mvuke wake unakaa ndani ya boneti, na cheche moja ya betri inatosha.

Unene nao una hesabu yake. Kitambaa kikiwa kinene mno kitagusa injini. Mafundi wana ujanja mzuri: weka vidonge vya udongo laini wa mfinyanzi juu ya sehemu za injini zilizoinuka, funika kila kimoja na kipande cha nailoni, funga boneti polepole, kisha lifungue. Udongo ulivyobonyea ndivyo nafasi ilivyo. Toa unene wa kitambaa, na bado zibaki angalau sentimita 2, maana injini inacheza ikiwaka. Pembeni acha wazi kitasa cha boneti, bawaba na mpira wa maji ya kioo. Kitasa kisichoshika vizuri kinaweza kufanya boneti lifunuke mbele ya macho ya dereva njiani.

Kuhusu gundi: ile ya fundi viatu inalegea kwa joto. Tegemea vishikizo, na kama ni lazima gundi iwepo, iwe ile iliyoandikwa kuwa inastahimili joto la injini. Iache ikauke muda ulioandikwa kwenye kopo, boneti likiwa wazi.

Neno kwa wenye Hiace. Gari hilo injini yake iko chini ya viti vya mbele, na kitambaa chake kiko chini ya kifuniko ambacho abiria wanakalia. Ndiyo maana mama anayepewa nafasi pale akiwa na mtoto mgongoni anashuka analalamika joto. Hapo sponji la godoro ni hatari mara mbili, kwa kuwa moto unaanzia chini ya mtu. Kitambaa cha pale kikichakaa, kibadilishwe kabla ya vingine vyote.

Na ikitokea moshi unatoka mbele njiani? Simama, zima injini, shusha watu na uwapeleke mbali. Usifunue boneti lote kwa mara moja, hewa ikiingia moto unaruka usoni. Kama una mtungi wa kuzimia moto, achia boneti kidogo tu na upulize kwenye upenyo. Kama huna mtungi, na ndani kuna bidoni za petroli, usirudi kuzichukua.

Ukishamaliza kufunga kitambaa kipya, usipakie abiria siku hiyohiyo. Tembeza gari peke yako, kwa mfano Kabonga hadi Nyanza-Lac, simama, zima, subiri robo saa joto lipande. Fungua boneti. Nusa, halafu vuta kila kishikizo kwa vidole viwili. Kona ikiwa imeshuka hata kidogo, irudishe na uongeze kishikizo kabla hujaita abiria wa Rumonge.