PIMA MEZA KABLA YA KUAGIZA STULI

Ndugu mkulima, malipo ya maziwa yakiingia, nyumba huwa na mahitaji mengi. Kuna mbolea, kuna ada ya shule, na mama wa nyumba anataka stuli za meza ya jikoni. Usiseme stuli ni jambo dogo. Mimi nilisema hivyo, nikapata hasara.

Jikoni kwetu tuna meza ndefu ya kazi, ambayo mama husimama akikanda unga bila kuinama. Niliagiza stuli nne kwa kutazama umbo tu. Zilipofika, mke wangu alikaa, meza ikamfika kifuani. Akaniuliza, "Baba watoto, nitakata mboga mikono juu, kama mtu anayeomba dua?" Kosa halikuwa la seremala. Yeye alitengeneza nilichomwambia. Leo stuli hizo zinawekewa ndoo.

Basi fuata mambo haya.

Kwanza, pima meza kutoka sakafuni hadi juu, kisha utoe inchi 10 hadi 12 (sentimita 25 hadi 30). Kinachobaki ndicho kimo cha stuli. Meza ya kazi ya inchi 36 yataka stuli ya inchi 24 hadi 26. Meza ya kulia chakula ya inchi 30 yataka kiti cha inchi 18. Kama huna futi ya kupimia, kata kijiti chenye kimo hicho umpelekee seremala. Ukiwa na shaka, agiza ndefu kidogo: mguu mrefu hukatwa, mfupi haurefushwi.

Pili, tazama chini ya meza. Kama kuna droo au ubao wa ubavuni, acha nafasi ya inchi 7 kati yake na kiti, mapaja yapate kupita.

Tatu, fikiri juu ya miguu. Kigoda kifupi cha kukamulia ng'ombe kiwe na miguu mitatu, maana hakichezi hata penye mashimo. Lakini stuli ndefu ya miguu mitatu hupinduka upesi mtu akiegemea upande. Iwe na miguu minne iliyotanuka chini kuliko kiti, nayo isimame juu ya sakafu iliyo sawa.

Nne, stuli ndefu iwe na mti wa kukanyagia, inchi 16 hadi 18 chini ya kiti. Bila huo miguu huning'inia na mapaja hufa ganzi.

Tano, uliza kama mbao zimekauka. Mbao mbichi husinyaa, viungo vikalegea. Mguu uingie katika tundu na kutiwa gundi, usishikwe na misumari peke yake.

Usinunue nyingi kuliko nafasi. Kila mtu anahitaji futi 2 za meza. Upande wa futi 6 hutosha watu watatu.

Neno la mwisho ni juu ya watoto. Mtoto akiona stuli ndefu huipanda. Usiiweke kamwe karibu na moto au sufuria ya maji yanayochemka.

Jioni ya leo mwite mama wa nyumba, mpime meza pamoja. Yeye ndiye atakayeikalia stuli hiyo kila siku, naye ajua kazi ya jikoni kuliko wewe.