Je, Wajua? Maua ya Kutambaa Dodoma Yanataka Kiu na Mkasi

Je, wajua kwamba wisteria, mmea utambaao wenye vichala virefu vya zambarau, hupukutisha majani na kulala msimu mzima wa baridi kwao Uchina, Japani na Marekani kabla ya kuchanua? Mjini Sierra Madre, California, upo mmoja uliopandwa mwaka 1894 ambao umetanda zaidi ya ekari nzima. Dodoma, usiku wa Julai wenye nyuzi 13 au 14 ndio baridi yetu yote. Mche ulioagizwa kwa gharama waweza kukupa majani matupu miaka nenda rudi.

Je, wajua kwamba petrea inatoa vichala vinavyofanana sana na vya wisteria, na haidai baridi? Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ukiwa kitaluni papasa jani: likikwaruza kama msasa, ndiyo yenyewe. Ua la katikati, la zambarau iliyokolea, hudondoka mapema. Nyota ya rangi hafifu iliyolizunguka hubaki kichalani kwa wiki kadhaa.

Je, wajua kwamba rangi yote ya bogenvilia inayofunika kuta za mji wetu ni ya majani, si ya maua? Chuma kishada kimoja ukitazame. Ndani ya majani matatu ya rangi mna vijimrija vitatu vyembamba vyenye ncha nyeupe, kila kimoja kimeshikana na mshipa wa kati wa jani lake. Hivyo ndivyo maua.

Je, wajua kwamba jina lake ni la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville? Mtaalamu wa mimea wa msafara wake, Philibert Commerson, aliukusanya mmea huo Rio de Janeiro mwaka 1767. Msaidizi wake, Jeanne Baret, alisafiri akiwa amevaa kiume, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia.

Je, wajua kwamba mche wa bogenvilia waweza kufa kwa kupandwa vibaya? Mizizi yake hukatika upesi. Usiuvute mche kwa shina. Chana kiriba kwa wembe, uushushe shimoni na udongo wake wote. Panda Desemba, mvua zikianza. Haina vikono vya kujishikilia, kwa hiyo ifunge kwenye bomba la chuma, maana nguzo ya mti mkavu ni chakula cha mchwa.

Je, wajua kwamba ikishashika, kiu ndiyo huileta rangi? Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mmea huu unaiweza hali hiyo vizuri kabisa. Inasikitisha kuona bogenvilia ya kijani tupu karibu na bomba, inamwagiwa maji kila jioni na kuongezewa urea. Acha udongo ukauke ndipo umwagilie tena, na urea iache kabisa: inakuza majani.

Je, wajua kwamba wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanaijua siri ya mkasi siku nyingi? Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima anapogoa, na jeraha la mkasi ndilo linaloamsha macho ya tawi. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Septemba. Bogenvilia nayo huchanua kwenye matawi mapya. Rangi ikipukutika, kata matawi marefu bila huruma, kisha okota vipande vyote: miiba yake mikavu hutoboa kandambili, na mkwaruzo wake huwasha.