Koga kwenye Ngozi, Baridi ya Nairobi Ikiingia

Mwanamke wa pwani aliyehamia Nairobi huujua vyema mwezi wa Julai siku afunguapo sanduku lake. Makubadhi aliyotoka nayo Lamu yamevaa unga mweupe, mkoba wa harusi umeota madoa ya kijani, na harufu ya uvundo yamkabili kabla hajashika kitu. Koga si ngeni kwetu, maana bahari haituachi tukauke. Lakini kwetu jua hurudi mara baada ya mvua. Huko Eastlands, kati ya Juni na Agosti, mawingu huweza kufunga anga asubuhi hadi jioni siku kadhaa mfululizo, na mji wenyewe, ulio kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, hushikwa na baridi ya kuingia mifupani.

Nyumba nazo zachangia. Katika ghorofa za Umoja, Kayole na Eastleigh, chumba kimoja aghalabu ndicho jiko, ndicho malazi, na ndimo nguo zianikwamo mvua inyeshapo. Mvuke wa sufuria na wa nguo mbichi hukosa pa kutokea, ukagota kwenye ukuta wa mawe uliopoa na kugeuka maji. Kabati, kwa ufinyu wa nafasi, limesukumwa likagusana na ukuta uo huo. Koga haitaki zaidi ya hayo: unyevu wa hewa unaopita asilimia 70 hivi, giza, na chakula. Ngozi yenyewe ni chakula. Jasho, vumbi na mafuta yaliyoganda juu yake ni kitoweo.

Wengi wetu, tukiona hali hiyo, hukimbilia karai la maji na sabuni ya kipande, au vibaya zaidi, Jik. Maji mengi huifanya ngozi ikakamae na kupasuka ikaukapo. Jik hula rangi na kudhoofisha ngozi yenyewe. Na yeyote asije akaichanganya Jik na siki kwa kudhani kwamba dawa mbili zashinda moja: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu, hasa katika chumba kisicho na dirisha la maana.

Kitoe kitu nje kwanza, kwenye roshani au juu ya paa penye kamba za nguo. Funika pua na mdomo kwa barakoa, na watoto wenye pumu wakae mbali, kwa kuwa chembe za koga hupeperuka zikiguswa. Kikiwa kikavu, kisugue taratibu kwa brashi laini, ukifuata mishono na pembe ambako koga hujificha. Brashi hiyo ioshwe kwa maji ya moto kabla ya kugusa kiatu kingine, la sivyo utakuwa umepanda mbegu.

Kisha chukua siki nyeupe kikombe kimoja na maji kikombe kimoja. Chovya kitambaa cha pamba, kikamue hadi kisidondoshe tone, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Rangi ikisimama, pangusa nje na ndani, halafu pangusa tena kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matupu. Jaza karatasi za gazeti ndani ya kiatu au mkoba, ukiache kivulini penye upepo siku moja au mbili. Usikianike juani wala karibu na jiko la makaa. Ngozi ya swedi haifai kuloweshwa hata kidogo. Hiyo itoshe brashi kavu.

Yako maelekezo yanayotaka spiriti badala ya siki. Spiriti huua koga kweli, lakini wanazuoni wamehitilafiana kuhusu utohara wake, na siki ni tohara bila shaka yoyote. Kwa nini ujitie wasiwasi, na siki imo jikoni?

Liko jambo jingine ambalo maelekezo ya kawaida ya usafi hayaligusi, nalo latuhusu sisi. Viatu na mikoba mingi ya Eastlands hutoka Gikomba, katika mitumba, na lebo zake zimefutika zamani. Kabla ya kulowesha kiatu cha namna hiyo, tazama bitana ya ndani katika mwanga mzuri. Ngozi ya nguruwe hutumiwa sana kwa bitana, na vitundu vya manyoya yake hukaa vitatu vitatu, kama pembetatu ndogo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kudabigha hakuitoharishi ngozi ya nguruwe wala ya mbwa. Na unyevu ndio uhamishao najisi mkononi na nguoni. Ukiikuta, mkono ulioigusa na majimaji huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Koga yenyewe ni uchafu tu, wala si najisi, na ngozi ya mbuzi au ng'ombe iliyodabighiwa haina tatizo.

Khufu, zile soksi za ngozi ambazo wazee hupangusa juu yake wakitawadha asubuhi za baridi, zahitaji jicho la pekee. Koga huozesha uzi wa mshono kabla ya kuigusa ngozi. Kwa Mashafi, tundu liachalo wazi sehemu ya mguu iliyofaradhiwa kuoshwa huzuia kupangusa juu ya khufu hiyo. Basi baada ya kusafisha, vuta kila mshono kwa vidole. Mzee hataona tundu hilo mwenyewe, na swala ni yake.

Msahafu wenye jalada la ngozi hausuguliwi kwa siki. Ushike ukiwa na udhu, ufute jalada kwa kitambaa kikavu, ufungue kurasa zipate hewa kivulini, kisha uuhamishe kutoka rafu iliyo ukutani.

Kuhusu mafuta, najua nitawaudhi baadhi. Bibi zetu walipaka mafuta ya nazi, nami nilirithi desturi hiyo. Lakini mafuta ya chakula huchacha ndani ya ngozi na kuwa karamu ya koga ijayo. Afadhali rangi ya viatu ya kopo, safu nyembamba, ngozi ikisha kukauka kabisa. Vivyo hivyo udi na ubani: kufukiza kabati hupendeza, lakini moshi hufunika harufu tu, koga ipo palepale.

Sogeza kabati kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Fungua milango yake mchana hewa ipite, na sufuria ifunikwe ichemkapo. Viatu vihifadhiwe katika mfuko wa kitambaa. Nailoni huufungia unyevu ndani. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya visitupwe, viwekwe kabatini mbali na mikono ya watoto.

Madoa meusi yaliyozama ndani hayatoki hata kwa siki. Kwa hayo, na kwa mishono iliyooza, wako mafundi wa soko la Kariokor, lile lililopewa jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hushona makubadhi mbele yako, na wengi hukubali kubadilisha ukanda mmoja badala ya kukuuzia jozi mpya. Mpelekee fundi kiatu kikiwa kimekauka.