Kabla ya Kubadilisha Windows, Toa Nakala ya Faili Zako

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa kompyuta zinazotumia Windows 10. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo na bado zinafanya kazi, ila mianya mipya inayogunduliwa na wahalifu wa mtandaoni haizibwi tena. Kwa sababu hiyo wakazi wengi wa kaunti, wakiwemo wenye maduka, walimu, wanafunzi wa vyuo na makatibu wa vikundi, wanahamia Windows 11. Wengine wanafanya kazi hiyo wenyewe nyumbani, wengine wanapeleka laptopu kwa fundi.

Kuhama kwenyewe si jambo la kuogopa. Hatari iko katika maneno. Fundi akisema “nitakuwekea Windows mpya”, anaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kupandisha toleo: mfumo mpya unakaa mahali pa ule wa zamani, na picha, barua na programu zako zinabaki. Ya pili ni kufomati: diski inafutwa kwanza, kisha mfumo unawekwa kwenye diski tupu. Mafundi wengi hupenda njia hii ya pili kwa sababu inaondoa virusi na uchafu wa miaka, na mashine inarudi ikiwa nyepesi. Ni kazi halali, na mara nyingine ndiyo inayofaa. Shida ni pale mteja anapofikiria ya kwanza huku fundi akifanya ya pili. Muulize waziwazi kabla hujamwachia mashine: unapandisha au unafomati?

Ukifanya mwenyewe, programu ya Microsoft itakuuliza ungependa kubaki na nini. Kuna chaguo la kubaki na faili pamoja na programu, la kubaki na faili peke yake, na la kutobaki na chochote. Soma ukurasa huo polepole kabla ya kubofya.

Hata ukichagua la kwanza, nakala ya akiba ni lazima. Stima inaweza kupotea kazi ikiwa nusu, au diski iliyochoka ikafa siku hiyo hiyo. Ikiwa ni laptopu, hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa muda wote.

Anza na vitu ambavyo havipatikani kwingine. Cheti cha PIN cha KRA unaweza kukipakua tena kutoka iTax, na stakabadhi nyingi za serikali ziko kwenye akaunti yako ya eCitizen. Lakini daftari la michango ya chama lililochapwa kwa miaka kadhaa, tasnifu ambayo haijawasilishwa, picha za mazishi ya mzazi, au hesabu za mauzo ya duka haziko kwenye seva ya serikali yoyote. Kwa wafanyabiashara kuna la ziada: Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Kumwambia afisa wa ushuru kwamba kompyuta ilifomatiwa hakutakusaidia sana.

Usiangalie folda ya nyaraka peke yake. Watu wengi huhifadhi kazi kwenye uso wa kompyuta, pale panapoonekana mara tu unapoiwasha, na vitu vilivyotoka kwenye barua pepe au WhatsApp hurundikana kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Programu za uhasibu huweka data yao mahali pake zenyewe, kwa hivyo fungua programu hiyo na utumie sehemu yake ya kutoa nakala. Kumbuka pia manenosiri ambayo kivinjari kimekuwa kikikukumbushia. Kama huyajui kwa kichwa, yaandike mahali salama.

Sasa, nakala hiyo iwekwe wapi? Hapa ndipo makosa mengi hutokea.

Kompyuta nyingi huonyesha diski mbili, C na D, na wengi huhamishia faili kwenye D wakiamini ziko salama. Katika laptopu nyingi, C na D ni vipande viwili vya diski moja. Ikiharibika, vyote vinaenda pamoja, na fundi anayefuta vipande vyote ili aanze upya hatajua kwamba D ilikuwa ghala lako. Nakala ya kweli inakaa nje ya mashine: kwenye flashi, diski ya nje, au hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo na OneDrive ya Microsoft gigabaiti 5. Kiasi hicho kinatosha nyaraka za kikundi, ingawa picha na video hukijaza upesi.

Kuhusu flashi, kuna mtego mmoja. Ili kuweka Windows 11 kwa flashi unahitaji yenye nafasi ya gigabaiti 8 au zaidi, na programu ya kuitayarisha hufuta kila kitu kilichomo. Mtu akiwa na flashi moja tu, aweke nakala zake usiku kisha asubuhi aitumie kubebea Windows, amezifuta kwa mkono wake mwenyewe. Nunua mbili, na ubandike karatasi kwenye ile ya nakala.

Flashi nyingi, hasa ndogo, zina mpangilio uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Video ya harusi itakataa hata kama nafasi ipo. Flashi ikiwa tupu, ifomati kwa mpangilio wa exFAT, nayo itaipokea.

Wenye OneDrive waangalie alama iliyo kando ya jina la faili. Wingu linamaanisha kwamba faili iko mtandaoni peke yake, kwa hivyo bila intaneti hutaweza kuinakili. Nafasi ya bure ikijaa, huduma huacha kupandisha faili mpya, na unaweza kukaa miezi bila kutambua.

Ukimaliza kunakili, chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, ya mtu unayemwamini, na ufungue faili chache: picha moja, jedwali moja la hesabu, barua moja. Kuona majina ya faili hakutoshi, kwa maana jina linaweza kuonekana huku faili yenyewe haifunguki.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya shida. Baadhi ya kompyuta zimefungwa kwa kinga iitwayo BitLocker, ambayo hufanya diski isisomeke bila ufunguo. Mabadiliko ya mfumo yanaweza kuifanya mashine idai ufunguo huo wa tarakimu 48 inapowaka. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia humo mapema, unakili tarakimu hizo kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye mkoba wa laptopu.

Makatibu na waweka hazina wa vikundi wana mzigo mwingine. Laptopu yenye nakala za vitambulisho na nambari za simu za wanachama ina habari za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika habari hizo azilinde zisipotee wala zisivuje. Baada ya kuzinakili na kuzikagua, ziondoe kwenye mashine kabla ya kuipeleka dukani, au ukae hapo fundi akifanya kazi.

Laptopu za mtumba kutoka ng'ambo, ambazo ni nyingi sokoni, huenda zisikubali Windows 11. Zile za Intel zinahitaji prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye, na zilizotengenezwa kabla ya 2018 kwa kawaida hazina. Usikubali kulipia mashine kulazimishwa. Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha, na inawezekana kuupata bila kulipa kupitia akaunti ya Microsoft. Utakupa muda wa kutafuta pesa za mashine nyingine.

Ukishapandisha toleo, mfumo wa zamani hubaki kwenye folda ya Windows.old na unaweza kuurudia kwa siku 10, kisha hufutwa. Tumia siku hizo kukagua kila kitu, na usiifute flashi yako ya nakala hata baada ya hapo.

Na ikiwa faili zimeshapotea, zima kompyuta mara moja. Kila unachopakua au kuhifadhi kinaweza kuandikwa juu ya kilichofutwa, hata ile programu ya kutafuta faili zilizopotea ukiiweka kwenye diski hiyo hiyo. Mpelekee mashine fundi wa kurejesha data ikiwa imezimwa, na umweleze ina diski ya aina gani. Za zamani zinazozunguka zina matumaini zaidi. SSD husafisha nafasi iliyofutwa yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi.