Saratani ya Matiti Haina Sura Moja

Wengi wetu tukisikia kwamba mama au dada ameshikwa na saratani ya matiti, hudhani kuwa maradhi hayo ni mamoja na dawa yake ni moja. Sivyo. Wanawake wawili waweza kuwa na uvimbe wa ukubwa mmoja, na kila mmoja akahitaji tiba yake. Mara nyingi tofauti imo katika protini za seli za uvimbe wenyewe.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, na humo Mola amepanga protini zinazopokea habari kutoka nje, mfano wa bawabu mlangoni. Mojawapo huitwa HER2, na kazi yake ni kuipelekea seli amri ya kukua na kugawanyika. Katika titi lenye afya, amri hiyo huja kwa kiasi. Lakini kwa mgonjwa mmoja katika kila watano au sita hivi, HER2 hujaa kupita kiasi, na seli zikazaana bila kizuizi.

Mwaka 1987, Dakta Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wenye nakala nyingi za jeni ya HER2 hurudiwa na maradhi upesi zaidi. Kisha ile alama ya hatari ikafanywa shabaha. Ikatengenezwa dawa ya trastuzumabu, inayojishika kwenye HER2 nje ya seli, ikazuia amri ile na kuwaonyesha askari wa mwili adui alipo. Marekani iliiruhusu mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaitia katika orodha ya dawa muhimu.

Hata hivyo, dawa hii haimfai kila mtu. Asiye na HER2 nyingi hanufaiki nayo, haipewi mjamzito, na kwa kuwa yaweza kudhoofisha moyo, moyo hupimwa kabla ya tiba na wakati wa tiba.

Kwa hivyo, kipande cha uvimbe kikishatolewa na kupelekwa maabara, tuulize: je, HER2 imepimwa, pamoja na vipokezi vya homoni? Jibu la 0 au 1 ni hasi, na 3 ni chanya. Jibu la 2 lina shaka, nalo huhitaji kipimo cha pili, cha jeni. Karatasi hiyo ihifadhiwe vyema, kwani ndiyo itakayomwongoza daktari.

Nanyi waume na watoto wa kiume, msiwaachie wanawake peke yao safari ya hospitali. Haya ni pambo la muumini, lakini haya isiwe sababu ya kuficha uvimbe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu, ni katika kutii maelekezo ya Mtume wetu (s.a.w.). Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.